Je, watu wa kale walikuwa na wasaa kuliko wafanyakazi wa leo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jibu fupi ni lipi?

Baadhi yao ndiyo, wengi hapana. Mwanamume wa Kihadzabe, mwindaji aliyeishi kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania miaka ya 1950, alikuwa na wasaa kumshinda karani wa leo. Mwanamke wa kijiji cha wakulima aliyetwanga na kusaga nafaka kwa mkono hakuwa nao. Mfanyakazi wa kiwanda cha nguo huko Uingereza mwaka 1830 alibanwa kuliko hao wote. Anayeuliza kuhusu "watu wa zamani" kana kwamba walikuwa jamii moja hatapata jibu. Sharti aseme ni nani, msimu gani, na ni shughuli zipi anazoziita kazi.

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Kupika, kuteka maji, kusenya kuni, kulea watoto na kuchonga mishale ni kazi au si kazi? Ukizihesabu unapata jibu moja, ukiziacha unapata jingine kabisa, na karibu ubishi wote wa jambo hili umejificha hapo.

Husemwa kwamba wawindaji walifanya kazi "saa 15 kwa wiki" tu. Hesabu hiyo ilitoka wapi?

Ilitoka Dobe, kaskazini-magharibi mwa nchi ambayo sasa ni Botswana, kwa Wasani, wawindaji wa Kalahari, wanaojiita Ju/'hoansi. Mwanaanthropolojia Richard Lee alikaa kambini akaandika kila siku nani ametoka kutafuta chakula na amerudi na nini, kuanzia tarehe 6 Julai hadi 2 Agosti 1964, yaani siku 28. Kambi ilikuwa na wastani wa watu 31. Alikuta kwamba mtu mzima alitoka kama siku mbili na nusu kwa wiki, na siku ya kutoka ilichukua kama saa 6. Ndipo zikapatikana hizo saa 15. Wiki moja kati ya nne aliiondoa katika hesabu, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amewapa chakula.

Kilichowawezesha ni kokwa za mti wa porini uitwao mongongo. Mti huu haupandwi wala haupaliliwi, na kokwa zake hukaa chini miezi mingi bila kuharibika. Lee alikadiria kwamba mtu alikula kama kokwa 300 kwa siku, zikimpa kalori 1,260 hivi na gramu 56 za protini. Mwenye chakula cha namna hiyo hana haja ya ghala. Ghala lake liko chini ya mti.

Matokeo hayo yalijadiliwa kwenye mkutano wa wanaanthropolojia huko Chicago mwaka 1966. Mwanaanthropolojia Marshall Sahlins akayachukua na kudai kwamba wawindaji ndio waliokuwa matajiri wa kwanza duniani, maana walitaka vichache na walivipata kwa urahisi. Dai hilo lilisambaa kuliko takwimu zenyewe.

Kwa nini hesabu hiyo inapingwa?

Kwanza, saa 15 ni za kutafuta chakula tu. Lee mwenyewe baadaye alijumlisha utengenezaji wa zana na kazi za kambini, kama kupasua kokwa, kupika, kuteka maji na kuleta kuni. Wanaume wakafika kama saa 44.5 kwa wiki na wanawake kama saa 40. Anayenukuu 15 bila kutaja 44 amenukuu nusu ya ushahidi wa mtu yuleyule. Hata hivyo, usikimbilie kusema "basi ni sawasawa na ajira ya saa 40". Mwajiriwa akitoka kazini bado ana kupika, kufua na kuhudumia watoto, na kama anaishi mjini ana saa za foleni barabarani. Ukilinganisha jumla kwa jumla, Ju/'hoansi bado wanapata nafuu, ila si nafuu ya maajabu.

Pili, wiki nne si mwaka. Watafiti waliopima uzito wa watu wa Kalahari waliona unapanda na kushuka kwa misimu, dalili kwamba kulikuwa na miezi ya njaa ambayo siku 28 za Julai haziwezi kuionyesha. Kwa upande wa utetezi, mwaka ule eneo hilo lilikuwa katika ukame mkali, kwa hiyo Lee hakuchagua kipindi cha neema.

Wahadzabe wa Tanzania je?

Huu ndio mfano unaotuhusu zaidi, na umepimwa kwa njia nyingi kuliko karibu jamii yoyote ya wawindaji. Mwanaanthropolojia James Woodburn alianza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, akaandika kwamba kwa wastani hawakutumia hata saa 2 kwa siku kupata chakula. Wakati wa kiangazi wanaume walicheza kamari kutwa nzima: vipande vya gome hurushwa kwenye shina la mti, na wanaoshindana huwekeana mishale na visu.

Watafiti waliokuja miaka ya 1980 wakahesabu upya, safari hii wakiwafuata wanawake porini. Picha ikabadilika. Kuchimba viazi pori kwenye ardhi ya mawe kwa mti uliochongwa ncha ni kazi ya jasho: unagonga ardhi kwanza kusikiliza mlio, unachimba, unaondoa mawe, na mara nyingine kiazi kiko chini ya jiwe usiloweza kulisogeza. Bibi waliopita umri wa kuzaa walionekana kuchimba kwa saa nyingi kuliko mabinti, na chakula chao kiliwasaidia wajukuu. Watoto nao walijitafutia ubuyu, matunda na viazi vya karibu, tofauti na watoto wa Dobe waliobaki kambini kwa sababu nyika ile haina maji na ni rahisi kupotea.

Vipimo vya karibuni, vya vifaa vinavyovaliwa mwilini, vimeonyesha kwamba Mhadzabe mzima hupata zaidi ya saa 2 za mwendo wa nguvu kwa siku, na papo hapo hupumzika karibu saa 10 za mchana na jioni. Hizo saa 10 zinafanana na za mtu wa ofisini. Tofauti ni kwamba Mhadzabe anapumzika akichuchumaa au kupiga magoti, misuli ikifanya kazi kidogo, na hapumziki mbele ya bosi.

Je, walilala zaidi yetu?

Hapana. Utafiti wa mwaka 2015 kwa Wahadzabe, Wasani wa Namibia na Watsimane wa Bolivia uliwakuta wakilala usingizi halisi wa saa 5.7 hadi 7.1 kwa usiku. Hawakulala jua lilipozama. Walikesha kwa saa kadhaa wakiota moto na kuzungumza.

Kilimo kilipunguza wasaa au kiliongeza?

Kwa jamii nyingi kilipunguza. Ushahidi mzuri ni wa Waagta wa Ufilipino, ambao baadhi yao wanawinda na kukusanya na wengine wameanza kilimo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta walioshika kilimo wanafanya kazi nje ya kambi kama saa 30 kwa wiki, na wenzao kama saa 20. Waliopoteza zaidi ni wanawake.

Sababu inaeleweka ukifuata nafaka kutoka shambani hadi chunguni. Mtama hufyekewa shamba, hulimwa kwa jembe, hupandwa, hupaliliwa mara mbili, hulindwa dhidi ya ndege na ngedere, huvunwa, huanikwa, hupurwa, hupepetwa, hutiwa ghalani. Baada ya hayo yote bado hauliki. Lazima utwangwe kwenye kinu, upepetwe tena, kisha usagwe kwa jiwe, na hatua hii ya mwisho hurudiwa karibu kila siku kwa sababu unga hauwekeki muda mrefu kama punje. Kiazi pori huchomwa dakika chache kikaliwa. Kwa hiyo kazi ya kilimo haiishi na mavuno. Inahamia uani, inakopimwa mara chache.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kilimo cha mvua kina miezi mirefu ya utulivu baada ya mavuno, miezi ya harusi, jando na ngoma. Mgeni aliyefika kijijini wakati huo aliandika kwamba wanaume ni wavivu. Laiti angefika wakati wa palizi! Wiki mbili za kuchelewa kupalilia zinaweza kupoteza mavuno, na ndiyo maana jamii nyingi zilibuni kazi za pamoja, kama msaragambo wa Wapare, ili shamba la kila mtu lifikiwe kwa wakati.

Ni kweli mkulima wa Uingereza ya zamani alifanya kazi siku 150 tu kwa mwaka?

Hii ndiyo tarakimu inayozunguka sana mitandaoni, na ni dhaifu. Chanzo chake ni makadirio ya mwanauchumi Gregory Clark ya mwaka 1986, ya siku 150 kwa familia, ambayo hayakuchapishwa. Mwanauchumi mwenzake Juliet Schor aliyatumia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alichukua siku 135 kwa mwanamume mzima, akazidisha kwa saa 12, akapata saa 1,620 kwa mwaka katika karne ya 13. Clark mwenyewe baadaye aliyaacha makadirio yale na kupandisha idadi hadi kati ya siku 250 na 300.

Zaidi ya hayo, siku za ujira au za shamba la bwana si siku zote za kazi. Mkulima huyo alikuwa na ng'ombe wa kukamua Jumapili, ua wa kutengeneza, kuni za kukata, na mkewe alikuwa na sufu ya kondoo ya kusokota kila jioni. Kweli, sikukuu za Kanisa zilikuwa nyingi, na mtu asizidharau. Lakini sheria ya mwaka 1563 ilimtaka kibarua, kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Septemba, awe kazini saa 11 alfajiri hadi kati ya saa 1 na saa 2 usiku, akipewa mapumziko yasiyozidi saa mbili na nusu. Ukitoa mapumziko, hizo ni saa 12 za jasho.

Basi ni lini watu walifanya kazi saa nyingi kuliko wakati wote?

Wakati viwanda vinapanda, takriban 1760 hadi 1870. Mwanahistoria wa uchumi Hans-Joachim Voth alipata njia ya werevu ya kulipima hilo kwa London. Alisoma maelezo ya mashahidi mahakamani, ambao waliulizwa walikuwa wakifanya nini saa ya tukio. Kwa kukusanya majibu mengi alipata ratiba ya mji mzima. Kati ya 1760 na 1830 saa za kazi kwa mwaka ziliongezeka kwa zaidi ya moja ya tano, na chanzo kikubwa hakikuwa siku kurefuka. Zilizokufa ni sikukuu za watakatifu na desturi ya mafundi ya kutofanya kazi Jumatatu.

Kufikia mwaka 1870 mfanyakazi wa nchi zenye viwanda alifikisha takriban saa 3,000 kwa mwaka. Zilishuka kwa mapambano na sheria: saa 10 kwa siku kwa wanawake na vijana wa viwanda vya nguo Uingereza mwaka 1847, na mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 1919 ulioweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Leo Ujerumani ina wastani wa saa kama 1,350 kwa mwaka na Marekani kama 1,800. Kwa hiyo anayesema "kazi imepungua sana" na anayesema "kazi imeongezeka sana" wanaweza kuwa sahihi wote wawili. Mmoja ameanzia 1870, mwingine ameanzia Dobe.

Afrika Mashariki mabadiliko yalikujaje?

Kwa kodi. Mjerumani alitoza kodi ya nyumba kuanzia mwaka 1898, na Mwingereza wa Kenya akafuata miaka michache baadaye. Ilipotakiwa fedha taslimu, mtu aliyejitosheleza kwa shamba na mifugo alilazimika kuuza mazao au kuuza siku zake.

Mgongano uliofuata haukuwa juu ya wingi wa kazi peke yake. Ulikuwa juu ya nani anaamua saa. Mkulima alizoea kazi ya ngwe: kipande cha shamba kimepimwa, ukikimaliza unaondoka, iwe adhuhuri au alasiri. Mwajiri alitaka saa. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika mapatano yakawa katikati. Kibarua alipewa kipande, kadi ya siku 30, kila siku aliyomaliza ngwe yake ikatiwa alama, na mshahara ulilipwa kadi ikijaa. Zile siku 30 hazikuwa lazima zifuatane, kwa hiyo mtu alipata nafasi ya kulima shamba lake. (Kwa Kenya neno hilohilo lilikuwa kitambulisho cha lazima. Msivichanganye.)

Bandarini Mombasa vibarua waliajiriwa kwa siku, na wengi walifanya sehemu tu ya mwezi kwa hiari yao. Baada ya mgomo mkuu wa Januari 1947, serikali na makampuni walikaza kamba miaka ya 1950: kibarua aandikishwe, na asiyefikisha idadi ya siku aondolewe. Wakubwa waliuita ule uhuru wa zamani uvivu. Kwa maoni yetu ulikuwa wasaa halisi, na ulichukuliwa.

Lakini waungwana wa Pwani si walikaa barazani tu?

Baadhi yao walikaa, kwa sababu wengine walichuma karafuu. Unguja ya karne ya 19 iliendeshwa kwa kazi ya watumwa. Desturi ya mashamba mengi ilikuwa siku tano kwa bwana, na Alhamisi na Ijumaa mtumwa alilima kiwanja chake ili ale. Hizo siku mbili hazikuwa mapumziko. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Kila unaposoma sifa za wasaa wa jamii ya kale, Athene ikiwemo, uliza kwanza nani alikuwa jikoni na nani shambani.

Mashine za nyumbani hazikuwapa wanawake wasaa?

Si kama ilivyotarajiwa. Nchini Marekani mama wa nyumbani asiye na ajira alitumia kama saa 52 kwa wiki miaka ya 1920, na kama saa 55 miaka ya 1960, wakati mashine ya kufulia na umeme vimeshaingia. Nguo zilifuliwa mara nyingi zaidi, dobi na msaidizi wakaondoka, viwango vya usafi vikapanda. Kwetu mashine iliyookoa muda kwelikweli ni ya kusaga: iliondoa saa za jiwe kila siku. Bomba la maji karibu na nyumba ni la pili.

Sheria zetu leo zinaruhusu saa ngapi?

Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: saa 9 kwa siku, siku 6 na saa 45 kwa wiki, bila ya saa za ziada. Saa za ziada zisizidi 50 katika kila wiki nne, zilipwe angalau mara moja na nusu, na siku moja isivuke saa 12 kwa jumla. Likizo ni siku 28 mfululizo kwa mwaka. Ukizidisha 45 kwa wiki 48 unapata 2,160 kabla ya kutoa sikukuu, juu kabisa ya wastani wa Marekani. Kenya inatoa likizo ya siku 21 za kazi na siku moja ya kupumzika katika kila saba. Mama lishe, dereva wa bodaboda na mkulima hawamo katika hesabu hii. Hawana mwajiri wa kuwapa likizo.

Watafiti hupimaje saa za watu wasiotumia saa?

Njia mbili ndizo za kuaminika. Ya kwanza ni kumfuata mtu mmoja kutwa nzima. Inatoa undani, lakini anayefuatwa huchapa kazi kwa aibu. Ya pili ni ziara za ghafla: unapanga kwa bahati nasibu nyumba na saa, unafika, na unaandika kila mmoja alikuwa akifanya nini *kabla* hajakuona. Kama mama alionekana akitwanga katika ziara 12 kati ya 100, na ziara zilifanyika ndani ya saa 13 za mchana, kutwanga kumemchukua kama saa 1.6 kwa siku. Udhaifu wake ni usiku, na watu wasiokuwepo: lazima uulize wako wapi na uhakikishe baadaye, la sivyo wawindaji wote watahesabiwa kuwa hawafanyi kitu.

Nawezaje kupima wasaa wangu mwenyewe?

Kwa shajara ya saa 24, si kwa kukumbuka. Anayekadiria kwa kichwa huongeza saa za kazi, na kadiri anavyofanya kazi nyingi ndivyo anavyoongeza zaidi.

1. Chora mistari ya dakika 15, kuanzia saa 10 alfajiri hadi saa 10 alfajiri inayofuata. Jumla ni mistari 96.
2. Weka safu tatu: shughuli kuu, shughuli ya pembeni, na uliyekuwa naye.
3. Jaza kila baada ya saa 3 au 4. Ukingoja usiku utasahau vipande vidogo.
4. Jaza siku moja ya kazi na moja ya mapumziko. Zidisha ya kwanza kwa 5, ya pili kwa 2 (kwa wa siku sita, 6 na 1), jumlisha, gawa kwa 7.
5. Gawa mistari katika mafungu manne: kazi ya kipato pamoja na safari yake; kazi ya nyumbani na malezi; kulala, kula na kuoga; na kinachobaki, ambacho ndicho wasaa.

Makosa hujirudia. Wanaojaza fomu ya kigeni huandika "saa 6" bila kusema mchana wala usiku, na saa sita ya Kiswahili ikasomwa kama alfajiri: andika "saa 6 mchana" kila mara. Safu ya pembeni huachwa tupu, na hapo malezi yote hupotea, kwani mama anayeangalia taarifa ya habari huku mtoto mchanga yuko mapajani si mtu aliyepumzika. Simu nayo: ukijibu ujumbe wa kazini saa 3 usiku, mstari huo ni wa kazi, hata kama ulikuwa umelala kitandani.